Mpira Peke Yake Haumlei Mtoto

Hotuba hii niliitoa hapa Lubumbashi tarehe 30 Aprili, sikukuu ya elimu nchini Kongo, mbele ya walimu na wazazi waliokusanyika katika ukumbi wa parokia. Wengi waliokuwa kazini au safarini wameniomba maneno yangu. Nayaweka hapa yote, kama nilivyoyasema.

Baba prefe, mkuu wa sekondari, wakuu wa shule, walimu wenzangu, mama zetu na baba zetu, na ninyi wanafunzi ninaowaona mmebanana pale mlangoni: jambo yenu wote. Sogeeni ndani, watoto. Maneno haya yanawahusu ninyi kuliko sisi wakubwa.

Nimefundisha mazoezi ya mwili miaka 27 katika mji huu, kwanza Katuba, kisha mtaa wa Kenya. Nimeombwa niseme juu ya michezo na malezi ya tabia. Nitasema. Lakini kwanza naungama.

Palikuwa na msichana mmoja wa darasa la tano. Mwembamba, mpole, kaptula yake imeshikwa na pini kiunoni. Kila Alhamisi, saa ya michezo ilipofika, nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi utotoni. Naita wavulana wawili wenye nguvu, nawaambia: chagueni. Huyu anachukua mmoja, yule anachukua mmoja, mpaka watoto waishe. Na kila Alhamisi, kabla ya kuchagua kuanza, yule msichana ananyoosha mkono. "Madamu, naomba kwenda chooni."

Wiki ya kwanza nikamruhusu. Ya pili nikamruhusu. Ya tano nikadhani ana ugonjwa wa tumbo, nikamwita mama yake. Mama akaniambia mtoto ni mzima, anakula bukari, ugali wetu, vizuri. Alhamisi iliyofuata nikamfuata polepole. Hakuwa chooni. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa choo, shavu limegusa matofali, anachungulia kiwanjani na midomo yake inahesabu. Alikuwa anangoja wote wachaguliwe. Akishaona wamekwisha, anarudi mbio, naye anawekwa tu upande wowote. Kwa njia hiyo hakuna anayepata nafasi ya kumkataa.

Wakati huo nilikuwa nimefundisha miaka saba. Miaka saba!

Nawauliza, walimu wenzangu: katika miaka ile nilifundisha nini? Kwenye fishi yangu ya maandalizi niliandika kukimbia, kuruka, kupiga mpira kwa ndani ya mguu. Lakini kila wiki, kabla mpira haujaguswa, nilikuwa nimekwisha kufundisha somo ambalo sikuliandika popote: kwamba kuna watoto wa kutakiwa na kuna watoto wa kubaki. Na somo hilo walilielewa wote. Hakuna aliyehitaji kurudia mwaka.

Jioni ile nilichukua kitenge changu cha zamani na shuka iliyochakaa, nikakata vipande, vingine vya rangi, vingine vyeupe, nikavitia katika mfuko wa unga. Tangu siku hiyo hakuna nahodha anayechagua. Kila mtoto anaingiza mkono bila kutazama, anatoa kitambaa, anakifunga mkononi, anakwenda kwa wenye rangi yake. Inachukua dakika mbili. Wiki ya pili baada ya kuanza mfuko, yule msichana hakuomba kwenda chooni. Wala hakuomba tena mwaka mzima.

Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema jambo ambalo mwalimu wa michezo hatazamiwi kulisema. Tumezoea kutangaza kila mahali kwamba michezo hujenga tabia. Wanasema wakubwa wanapofungua mashindano, tunasema sisi tunapoomba pesa za mipira. Mimi siamini hivyo tena. Mpira peke yake haumlei mtoto. Mpira ni kama moto wa mbabula, jiko letu la makaa: unakupikia bukari, na ukiuacha bila mtu unaichoma nyumba.

Imani hiyo ina umri mrefu. Uingereza, katika karne ya 19, shule za watoto wa wakubwa zilijivunia kwamba kiwanja kinawafanya wavulana kuwa waungwana. Shule iliyosifiwa kuliko zote ni ile ya mji wa Rugby, aliyoiongoza Thomas Arnold kuanzia 1828 hadi 1842. Mfaransa Pierre de Coubertin alikwenda kuzitazama shule hizo mwaka 1883, akarudi kwao na moto kifuani, na baadaye akaanzisha michezo ya Olimpiki ya sasa. Wazo lilelile likapanda meli pamoja na wamisionari likafika hadi kwetu. Sisemi lilikuwa wazo baya. Nasema lilikuwa nusu.

Nusu ya pili ilisemwa Marekani mwaka 1971. Wanasaikolojia wawili, Bruce Ogilvie na Thomas Tutko, walikuwa wamewapima maelfu ya wanamichezo kwa miaka. Wakaandika kwamba hawakuona ushahidi kuwa mashindano yanajenga tabia. Walichokiona ni mchujo: wenye moyo mgumu tangu mwanzo wanabaki, wengine wanaondoka njiani. Mzazi anatazama waliobaki, anasema, oneni jinsi mchezo ulivyowajenga. Na wale walioondoka, nani anawatazama? Wako nyuma ya ukuta wa choo.

Lakini kwa nini niende mbali? Tuko Lubumbashi. Mji huu unaujua mpira kuliko vitabu.

Nani hapa hakumbuki Desemba 2010? Tout Puissant Mazembe kule Abu Dhabi! Tuliwafunga Pachuca wa Meksiko 1-0. Tukawafunga Internacional wa Brazili 2-0. Kidiaba, kipa wetu, akarukaruka kwa makalio, na dunia nzima ikajifunza furaha ya Katanga. Tarehe 18, timu yetu ikawa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya klabu za dunia. Inter Milan wakatushinda 3-0, lakini nani alijali? Tulilia, tuliimba, tulitembea hadi usiku.

Na nani hakuwepo uwanjani? Trésor Mputu. Nahodha wetu. Miguu ile. Hakuwa majeruhi. Miezi kadhaa kabla, katika mechi ya mashindano kule Kigali, yeye na mwenzake Lusadisu walimvamia refa, na FIFA ikamfungia Mputu miezi 12. Hasira ya dakika moja ikamkosesha siku ambayo mchezaji wa klabu ya Afrika alikuwa hajawahi kuipata.

Sitaji jina lake kwa kumdharau. Nampenda kama mnavyompenda, naye alirudi akatufurahisha tena. Swali langu si kwake, ni kwetu. Watoto wanaoiga chenga zake kila jioni kwenye avenyu zetu, nani anawafundisha la kufanya refa akikosea? Maana refa atakosea. Na si refa wa mpira tu. Mwalimu atakosea alama zako. Polisi wa barabarani atakukosea. Bosi atakukosea. Utafanya nini na mikono yako siku hiyo?

Mimi nililigeuza kuwa zoezi. Mara moja kwa mwezi nilikuwa nawaambia mapema: leo refa atakosea mara tatu, kwa makusudi, na hamtajua ni saa ngapi. Sheria ni hii. Filimbi ikilia, mikono yote nyuma ya mgongo. Anayesema ni nahodha peke yake, na anaanza kwa kusema, "Refa, sisi tumeona hivi." Refa akikataa, mchezo unaendelea.

Ingalikuwa vyema mngewaona. Mara ya kwanza ilikuwa makelele matupu. Mara ya tatu nilimwona mvulana mmoja, mkali kweli, ameuma kola ya shati lake kwa meno, mikono nyuma, machozi yanamtiririka, lakini hakusema neno. Nilisimamisha mchezo pale pale. Nikawauliza wote: mmeona kazi anayoifanya mwenzenu? Hiyo ni kazi ngumu kuliko kufunga bao. Wakampigia makofi. Yule mvulana hakujua aangalie wapi.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Mtoto hajifunzi uvumilivu kwa sababu amecheza. Anajifunza kwa sababu mtu mzima alikuwa ameutayarisha wakati huo, akauona ulipofika, akapiga filimbi, akautaja kwa jina. Bila hivyo, angejifunza tu kwamba marefa ni wezi.

Mwenzangu mmoja aliniletea zamani kurasa chache za fotokopi juu ya mwalimu wa Marekani, Don Hellison, wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago. Tangu miaka ya 1970 mtu huyu alifanya kazi na vijana ambao walimu wengine wamewachoka. Aliweka ngazi ambazo kila kijana anazijua kwa kichwa. Kwanza, zuia mkono wako na mdomo wako, uheshimu haki ya mwenzako. Kisha, jitahidi, hata kama hujui. Kisha, jiongoze mwenyewe bila kusimamiwa. Kisha, msaidie mwingine. Na ngazi ya mwisho, ile iliyonishika mimi: toka na hayo yote nje ya kiwanja, yapeleke nyumbani na barabarani. Na kila somo lake liliishia kwa kukaa pamoja na kujipima.

Sisi hatuna ukumbi wa mbao unaong'aa. Tuna vumbi jekundu, mwembe mmoja, na mistari tunayoichora kwa majivu ya makaa ambayo watoto wanayaleta kutoka nyumbani katika makopo. Lakini kukaa chini, nani anakosa mahali pa kukaa chini? Dakika tano za mwisho tulikaa duara chini ya mwembe. Nikiuliza, "Leo umemtendeaje mwenzako?" kila mmoja anaonyesha kidole gumba: juu, kando, au chini. Bila maneno. Anayetaka kusema anasema.

Siku moja mvulana wa darasa la sita, katikati ya mchezo, aliushika mpira kwa mikono, akaupiga kwa nguvu zake zote ukavuka ukuta ukaanguka barabarani. Ule ulikuwa mpira mmoja wa kweli wa shule nzima. Watoto wakapiga kelele. Nami, nawaambia kweli, mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda.

Kilichouzuia ni Mwepu Ilunga.

Wazee mnajua. Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani ya Magharibi, Zaïre, jina la nchi yetu wakati ule, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Tarehe 22 Juni, Brazili wanaongoza 2-0, wanapata mpira wa adhabu. Mwepu, beki wetu, mtoto wa Mazembe, anatoka ukutani mbio anaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajaugusa. Kadi ya njano. Dunia ikacheka. Inacheka mpaka leo: Waafrika hawakujua sheria! Timu iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka uleule, haikujua sheria? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na uchungu, kwa sababu wachezaji hawakulipwa haki yao. Wengi walioona picha ile walicheka. Wachache walimwuliza.

Nikaushusha mkono. Nikamwambia yule mvulana, nenda uulete mpira. Akaenda, akaurudisha, tukaendelea. Kwenye duara kidole chake kilikuwa chini. Wenzake walipoondoka alibaki anafukua mizizi ya mwembe kwa kidole cha mguu, ndipo akasema. Usiku ule mwenye nyumba alikuwa ametoa vyombo vyao nje ya parseli. Walilala kwa jirani, watu tisa katika chumba kimoja, na asubuhi mama yake akamwambia aende shule asiseme kitu.

Msinielewe vibaya. Kosa lilibaki kosa. Kesho yake aliwaomba radhi wenzake mbele ya wote, na wiki nzima yeye ndiye aliyeubeba mpira na kuupangusa. Lakini kama ningempiga, ningekuwa mtu wa pili kumtupa nje kwa siku moja.

Sasa nawaletea habari ya mkono. Wengine mmekwisha kuisikia, niwieni radhi, kwangu haizeeki.

Mmarekani mwingine, Daryl Siedentop, alifundisha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wakae katika timu moja msimu mzima, na kila mmoja awe na kazi: mmoja refa, mmoja mwandishi wa mabao, mmoja mtunza vifaa, mmoja kocha. Nilipenda hilo kwa sababu ya watoto wasiopenda kukimbia, na kwa sababu ya mvulana mmoja mwenye mguu uliopooza ambaye alikuwa kocha mkali kuliko wote niliowaona maishani. Basi siku ya fainali, darasa la sita A na B, refa alikuwa msichana. Mdogo wa umbo, filimbi imefungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Shule nzima imezunguka kiwanja, wadogo wamepanda juu ya kichuguu. Tena siku hiyo walikuwapo na wazazi.

B walikuwa wanaongoza 1-0. Zikabaki dakika chache. Mshambuliaji wa A anaupata mpira langoni, unadunda, unaingia. Bao! Refa anapiga filimbi, anaonyesha katikati. Watoto wa A wanarushana juu. Na yule mfungaji amesimama. Harushwi, haruki. Anatazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyeumwa na mdudu. Halafu anatembea, hakimbii, anakwenda kwa refa. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Refa, ilinigusa mkono."

Bao likafutwa. Wakashindwa 1-0.

Mnadhani walimbeba? Hapana. Wakati wa kwenda nyumbani, wenzake walitembea upande mwingine wa barabara. Mmoja aliutupa mfuko wake wa madaftari kwenye matope. Mtu mzima mmoja, mzazi, akasema kwa sauti mbele ya watoto: "Mjinga huyo, nani alimwuliza?"

Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kusema kweli, na kweli ikamwacha peke yake njiani. Kesho yake nikawakalisha A na B pamoja. Sikuhubiri. Nilimwomba refa aseme jinsi alivyoiona mechi. Yule msichana akakaa kimya muda mrefu, akizungusha kamba ya filimbi kidoleni. Akasema: "Mimi niliogopa mechi yote. Niliogopa mkinikasirikia. Aliposema vile, sikuogopa tena."

Pakawa kimya. Kisha mvulana mmoja wa A akasema, "Lakini, Madamu, tulipoteza." Nikamjibu: ndiyo, mlipoteza. Sikumwambia kwamba wameshinda moyoni. Watoto hawapendi kudanganywa, na kweli iliwagharimu kombe, tusiifiche bei yake. Nilisema tu kwamba kwenye buletini, pale penye alama ya mwenendo, mfungaji wao nitampa alama zote, na nitaandika sababu. Aliyeutupa mfuko kwenye matope ndiye aliyempelekea madaftari mapya mwisho wa wiki. Wala sikumtuma mimi.

Kwa wasichana nitasema kwa ufupi, maana nimekwisha kusema sana hapo nyuma: refa alikuwa nani? Mama zangu, msiwabakishe nyumbani siku ya michezo ili wasonge bukari na kutwanga sombe, majani ya muhogo. Na walimu, kama wasichana wenu hawataki mpira wa miguu, wana nzango. Kuna mtu hapa ambaye dada zake hawakuicheza barabarani? Mistari miwili inatazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, mguu mmoja unatupwa mbele. Leo ina sheria zilizoandikwa, ina timu za watu 11, na mwaka 2015 ilionyeshwa Brazzaville kwenye Michezo ya Afrika. Inataka akili, pumzi, na kumsoma mwenzako usoni. Ni ya kwetu. Ipeni saa yake.

Nimalizie na yale yanayonichoma.

La kwanza. Acheni kuwaadhibu watoto kwa mazoezi. Umechelewa, zunguka kiwanja mara kumi. Umeongea darasani, piga pampu ishirini. Mmewahi kumwona mwalimu akimwadhibu mtoto kwa kumkumbatia? Basi kwa nini tunakigeuza kuwa fimbo kitu tunachotaka wakipende maisha yote?

La pili. Saa ya michezo imo katika programu ya taifa. Si zawadi ya mwalimu, na si akiba ya hesabu. Najua mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unakaribia na wazazi wanadai alama. Najua pia kwamba tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019 madarasa yamefurika, na tulifurahi, kwa sababu watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa ajili ya minervali, yaani ada ya shule, waliingia. Mwalimu ananiambia: Mama, nina watoto 80 na mpira mmoja, nilee tabia gani? Namjibu: wagawe. Kumi wanacheza, kumi wanaamua na kuandika, wengine wanaruka kamba, wengine wanatengeneza mipira kwa mifuko ya plastiki na kamba, kama tulivyofanya sote. Mpira wa plastiki uliofungwa na watoto wanne, mmoja ameshika, mmoja anakaza, mmoja anafunga, mmoja anakata kamba kwa meno, umekwisha kuwa somo kabla haujapigwa. Ni kazi? Ni kazi kubwa. Na serikali iongeze walimu, hilo nalisema bila kuogopa.

La tatu, na hili ni kwetu sisi wa filimbi. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki walezi wa vijana, walifika mji huu mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na umri wa mwaka mmoja, na wengi waliomo humu wamepitia mikononi mwao. Baba yao mwanzilishi, Don Bosco, aliandika barua kutoka Roma mwezi Mei 1884, akiwa mzee. Kilichomhuzunisha nini? Kiwanja! Aliona vijana wakati wa mapumziko wamekaa wamepooza, na walezi wamesimama mbali wanazungumza wao kwa wao. Hawachezi tena na watoto. Akasema hapo ndipo imani kati yao ilipovunjika. Miaka zaidi ya 130 imepita, na mimi napita mbele ya shule zetu naona kitu kilekile: watoto vumbini, mwalimu kwenye kiti chini ya mwembe, ameinamia simu. Ndugu zangu, ukiwa umeinama hivyo, hutamwona aliyesimama nyuma ya ukuta.

Yule msichana wa pini kiunoni ni mama sasa. Tulikutana sokoni mwaka jana, mgongoni ana mtoto. Nilimwomba radhi kwa ile miezi ya mwanzo. Alinishangaa. Akaniambia kwamba hakumbuki kuchungulia, anakumbuka mfuko. Anakumbuka kitambaa alichotoa siku ya kwanza: cha kitenge, chenye ndege wa bluu aliyekatwa kichwa.

Vipande vile bado ninavyo. Nimekuja navyo, viko hapa chini ya meza, katika mfuko uleule wa unga. Kiwanja cha parokia kiko nje, watoto wamekwisha kuchora mistari tangu asubuhi, na refa wetu ni yule binti wa darasa la nne aliyesimama karibu na dirisha. Akina mama, vueni viatu vya visigino. Akina baba, wekeni simu mezani. Tutapanga mstari mmoja, wakubwa na wadogo pamoja.

Baba prefe, tunaanza na wewe. Ingiza mkono. Usitazame ndani.